Namna ya kusoma ugenini kabla lugha haijakaa mdomoni

Mpenda vitabu akihamia nchi asiyoijua lugha yake hupata njaa ya ajabu: vitabu vimemzunguka, na hakuna kinachomsemesha. Nimeishi na njaa hiyo. Hivi ndivyo ninavyoituliza.

1. Jiandikishe maktaba ya umma wiki ileile unayofika. Beba kitambulisho na karatasi inayoonyesha unapoishi.

2. Soma namba kabla ya maneno. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876, na namba zake ni zilezile kokote uendako: 400 ni lugha, 800 ni fasihi. Riwaya mara nyingi hutengwa, zikapangwa kwa jina la mwandishi. Dukani, geuza kitabu utazame ISBN, namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu. Baada ya 978, tarakimu 0 au 1 ni wachapishaji wa nchi za Kiingereza, 2 wa Kifaransa, 3 wa Kijerumani. Nimewahi kuchambua sanduku zima la vitabu vilivyotumika, migongo imefutika, kwa tarakimu hiyo peke yake.

3. Tafuta riwaya uliyokwisha kuisoma ukaipenda, iliyotafsiriwa kwa lugha ya hapo. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiparuke. Weka nakala mbili mezani, ya lugha yako kushoto na ya wenyeji kulia. Soma aya moja kushoto, kisha ileile kulia, kwa sauti. Kamusi iache kwanza. Ukurasa wangu wa kwanza ulinichukua saa nzima. Lakini kuna neno lililokuwa likirudi kila alama za kunukuu zilipofungwa, na nilipofika mwisho wa ukurasa nilikuwa nimeshalijua: "alisema". Hakuna aliyenifundisha. Neno la namna hiyo halisahauliki. Penseli iwe karibu. Pigia mstari maneno yanayorudi mara tatu, hayo tu ndiyo uyatafute baadaye.

4. Vitabu vya watoto visikudanganye. Vimejaa vina, milio ya wanyama na maneno ya kubuni ambayo hata kamusi haiyajui. Afadhali hadithi zilizorahisishwa kwa wanaojifunza lugha. Ulaya nyingi huandikwa kiwango chake, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea.

5. Ukishazoea ukurasa, ongeza kitabu cha kusikiliza cha riwaya hiyohiyo, macho yafuate sauti.

6. Unapomwuliza mkutubi au muuza vitabu, mwandikie jina la mwandishi kwenye karatasi. Ukiona anasita, jua kwamba huenda tahajia inabadilika: Chekhov, mwandishi wa Kirusi, kwa Kijerumani ni Tschechow, kwa Kifaransa Tchekhov. Kitabu kikishafika mkononi, fungua ukurasa wa haki miliki. Kwenye tafsiri, jina la asili la kitabu kwa kawaida huchapwa hapo kwa herufi ndogo, nawe utajua papo hapo kama ndicho ulichokuwa unakitafuta.