Kuoka boflo kwa hamira na unga wa kitambo, mvua ikikufungia ndani

Masika yakishika hapa Mombasa, Aprili na Mei, kuna siku maji hujaa njiani hadi hakuna wa kutoka kufuata mkate. Kabatini mna unga uliofunguliwa zamani na hamira iliyosahaulika. Usivitupe, ila vipime kwanza.

Anza na hamira, ndiyo inayoamua yote. Koroga vijiko viwili vya chai katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha chai cha sukari. Kidole kikae majini bila kuungua. Maji yakifika nyuzi 60 hamira hufa. Ngoja dakika 10. Ikifura povu zito lenye harufu ya chachu, iko hai. Ikituama chini, imekufa, na hakuna kukanda kutakakoifufua. Pika chapati siku hiyo.

Unga nao unuse. Ukinuka uvundo au mafuta yaliyoharibika, tupa. Ulio mzima chekecha.

Kwa nusu kilo ya unga tia kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa cha sukari, viwili vya mafuta, kisha hamira yako. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama robo tatu ya kikombe. Usiyamwage yote: unga uliokaa kwenye hewa yetu ya pwani umeshavuta unyevu. Kanda dakika 10, funika, ngoja donge lifure maradufu. Hamira ya zamani ni nzito, kwa hivyo tazama donge, si saa.

Lipange kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, lifure tena. Umeme ukikatika, tumia jiko la makaa: moto mdogo chini, mwingi juu ya kifuniko. Ukigeuza mpango huo, chini kutaungua na juu kubaki kweupe. Baada ya dakika 35 hivi gonga kitako cha mkate; ukilia kama kitu kitupu, umeiva.

Maswali

*Dada, povu langu ni dogo tu. Niendelee?*
Endelea, mpenzi, ila ongeza kijiko kimoja cha hamira na ulipe donge muda zaidi.

*Unga wangu ni wa atta, una miezi mingi.*
Huo uchunguze sana. Una kiini cha ngano chenye mafuta, huharibika mapema kuliko mweupe.

*Nimeona fukusi wawili.*
Chekecha, utumie. Ukiona ukungu au utando, usihangaike nao, mwaga wote.