Sisimizi kwenye kabati la sukari

Wafuate kwanza mpaka uone tundu wanalotokea, mara nyingi pembeni mwa dirisha au chini ya sinki. Changanya kikombe 1 cha siki na kikombe 1 cha maji, ufute msururu wote toka kwenye chakula hadi tunduni; hiyo huondoa harufu inayowaongoza wenzao. Kwenye jiwe la marumaru tumia maji ya sabuni, siki hulichubua. Kisha ziba tundu.

Miguu ya kabati isimamishe ndani ya makopo ya maji yenye tone la sabuni, ili wazame. Hapa ndipo wengi hukosea: kabati likigusa ukuta, au vumbi likitanda juu ya maji, tayari wamepata daraja. Badilisha maji kila baada ya siku 3, mbu wasizaliane.