Kuhamishia nyimbo kwenye eksteno bila kuua pleilisti

Kwa anayepiga muziki wa harusi Ujiji au mwenye kibanda cha kurusha nyimbo Mwanga, Kigoma, laptopu hujaa upesi. Wimbo wa dakika 4, MP3 ya kbps 320, unakula karibu MB 10. Nyimbo 20,000 za hivyo ni GB 200. Za Kongo zenye sebene ndefu zinakula zaidi. Eksteno (diski ya nje ya kuhifadhia mafaili) ya TB 1 inatosha. Chukua ile ndogo inayovuta umeme kwenye USB, kwa sababu yenye adapta yake huzima umeme ukikatika, hata kama laptopu ina chaji. Ukiona ya bei chee imeandikwa TB 16, ni feki, iache hapo hapo dukani.

Kama mashine zako zote ni Windows, ifomati kwa NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) ingali tupu, maana kufomati kunafuta kila kitu. Mac inasoma NTFS lakini haiandiki. Ukiwa na zote mbili tumia exFAT, mpangilio ambao Windows na Mac zote huandika, ila hiyo huharibika kirahisi zaidi ikichomolewa ghafla.

Kinachowaliza wengi ni pleilisti. Ndani yake hamna wimbo, kuna anwani tu, kama D:\Muziki\Kongo. Eksteno ikiwa E: leo na F: kesho kwa kuwa flashi imewahi herufi, anwani zote zinakufa. Kwa hiyo kabla ya kunakili fungua diskmgmt.msc (programu ya Windows ya kupanga diski), bofya eksteno kwa kitufe cha kulia, uipe herufi ya mbali, tuseme M:. Kama una mashine mbili, ipe herufi hiyo hiyo kote.

Sasa nakili. Usikate (cut): ukikata, waya ukilegea katikati, nusu ya nyimbo iko huku na nusu kule. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika:

robocopy "D:\Muziki" "M:\Muziki" /E /R:2 /W:5 /LOG:"D:\ripoti.txt"

Ikikatika, rudia amri ile ile. Zilizokwisha kufika itaziruka. Pia haikwami kwenye anwani ndefu (folda pamoja na jina la faili) zinazopita herufi 260, ambazo kopi na pesti ya kawaida huzikataa. Tundu la USB 3 humaliza GB 200 kwa dakika 35 hivi. La USB 2, karibu saa mbili.

Halafu linganisha folda mbili: idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Usiangalie ukubwa "kwenye diski", huo hutofautiana hata kama hakuna kilichopotea.

Pleilisti za M3U ni maandishi matupu. Zifungue kwa Notepad, badilisha D:\Muziki kuwa M:\Muziki zote kwa mpigo, uhifadhi kwa encoding (namna ya kuandika herufi) ile ile faili iliyokuwa nayo, la sivyo majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi yatavurugika. VirtualDJ, programu ya madijei, ni habari nyingine. Humo hamisha nyimbo kwa kuburuta ndani ya programu yenyewe. Ukipitia Windows, alama ulizoweka kwenye nyimbo hazifuati.

Usifute folda ya zamani bado. Ibadilishe jina iwe Muziki_zamani, upige kazi wiki nzima. Programu yoyote iliyokuwa bado inaitegemea italalamika siku ya kwanza.

Ukumbini, eksteno ya sahani inayozunguka isikae juu ya spika ya besi. Mtikisiko huo unaifanya isome kwa kusuasua, na wimbo unakwama bibi harusi akiwa mlangoni. Iweke meza nyingine, juu ya sponji.