Kuuza fedha ya zamani: piga hesabu kabla ya kufika kwa sonara

Mwaga vyote mezani kwanza, vikuku, vijiko, mikufu na sarafu, uvitenge mafungu matatu: vyenye muhuri wa 925, visivyo na muhuri, na sarafu. Ukivipeleka katika mfuko mmoja vitapimwa pamoja, na kiwango kitakachotumika ni cha kile kilicho duni kuliko vyote.

925 maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha safi, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Vyombo vya Uingereza huwa na simba anayetembea, na kando yake alama ya mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukiona herufi EPNS, usijisumbue. Hicho ni chombo cha nikeli, shaba na zinki kilichopakwa fedha juujuu kwa umeme, na hakuna atakayekuyeyushia. Kazi za zamani za pwani na za Oman mara nyingi hazina muhuri wowote. Nyingi zilifuliwa kwa sarafu za riale zilizoyeyushwa, na riale la Maria Theresa, sarafu ya Austria, lina fedha 833 kwa 1,000, kwa hiyo usitarajie kulipwa kama 925. Lehemu kwenye maungio hushusha kiwango zaidi.

Sumaku ni kipimo cha kukataa tu. Kikivutwa, si fedha. Kisipovutwa hujajua kitu, maana shaba nayo haivutwi. Kwa kipande kizito kisicho na uwazi ndani wala kito, maji yanasema kweli zaidi:

1. Pima kipande kikiwa kikavu, kwa mizani inayosoma sehemu za gramu.
2. Weka kikombe cha maji juu ya mizani hiyo, uirudishe kwenye sifuri.
3. Ning'iniza kipande kwa uzi mwembamba kizame chote bila kugusa kikombe, usome namba.
4. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Fedha ya 925 hutoa karibu 10.3. Mchanganyiko wa nikeli na shaba, au shaba nyeupe iliyopakwa, huangukia kati ya 8 na 9. Viputo vya hewa vikiganda kwenye nakshi jibu huharibika, basi tikisa kipande kwanza.

Sasa bei. Sokoni fedha hutajwa kwa aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1 na si 28.35 ya jikoni. Bei ya London hupangwa saa sita mchana kwa saa za huko, yaani saa nane au saa tisa mchana kwetu, kutegemea majira yao. Tuseme aunsi ni dola 30 na una gramu 340 za 925. Zidisha 340 kwa 0.925 upate gramu 314.5 za fedha safi. Gawanya kwa 31.1, ni aunsi 10.1, yaani kama dola 303. Andika namba hiyo kwenye karatasi uende nayo dukani.

Sonara hawezi kukulipa 303, na si dhuluma. Ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha, pesa yake inalala mpaka akusanye mzigo wa kutosha, na bei inaweza kuanguka kabla hajauza. Kwa mzigo mdogo wa vipande mchanganyiko, asilimia 70 hadi 80 ya thamani ni ofa ya kukaa na kuzungumza. Chini ya 60, funga mfuko wako.

Shida ni kwamba faida haikatwi mahali pamoja. Anakwambia nalipa asilimia 70, wewe unakubali, halafu anasema hii ni fedha ya 80 tu, yaani 800 kwa 1,000. Gramu 314.5 zimekuwa 272, na asilimia 70 yake ni kama dola 184. Ukirudi kwenye 303, umelipwa asilimia 60. Kwa hiyo uliza kiwango kwanza, asilimia baadaye. Akitaka kukwaruza kwenye jiwe na kutia tindikali, au kupiga tupa kidogo kuona kama ndani ni shaba, ana haki hiyo. Mwonyeshe mahali pasipoonekana.

Angalia pia tola, kipimo cha zamani cha uzito wanachotumia masonara. Tola ya kweli ni gramu 11.66, lakini wako wanaoita gramu 10 tola. Akipima kwa ile kubwa na kulipa bei ya ile ndogo, asilimia 14 imekwenda bila neno kusemwa. Dai hesabu kwa gramu.

Kubadilisha kikuku cha zamani kwa kipya ndiko kunakompa sonara faida zaidi. Cha kwako kinahesabiwa madini tu, chake kinahesabiwa madini na ujira wa ufundi, na faida zote mbili hujificha ndani ya neno "ongeza kidogo tu". Uza kwanza, shika pesa, kisha nunua.

Jambia halipimwi zima, kwani chini ya fedha ya ala kuna mti na ngozi, na kisu ni chuma. Vinara vya mishumaa navyo hujazwa lami au plasta visianguke. Vitu hivi, pamoja na mirashi na vyetezo vyenye nakshi safi, sonara mjuzi hanunui ili ayeyushe. Anakulipa kwa gramu na kuviweka kabatini kwa mtalii au mkusanyaji. Viulizie kwa muuza vitu vya kale kabla, na usivisugue kwa dawa ya kung'arisha: weusi ulio ndani ya nakshi ni sehemu ya bei.

Katika sarafu, rupia ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ina gramu 10.7 za fedha safi, na iliyo nzima inaweza kuzidi madini yake. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa kabla ya 1948 ni robo tu fedha, chini kidogo ya gramu 2. Ya 1948 na kuendelea haina kabisa. Riale za Maria Theresa karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, basi tarehe hiyo isikupandishe bei. Riale likiwa limetiwa pete ya mkufu kwa lehemu, liuze kwa uzito.