Kabla ya kumtoa mbwa juani, gusa lami kwanza

Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa wako nazo zitaungua. Subiri jua lishuke, au mtoke alfajiri.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na joto jingi hulipunguza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Ndiyo maana wale wa pua fupi na uso bapa huteseka zaidi. Hao tafadhali usiwakimbize mchana hata kidogo. Maji yawepo muda wote, bakuli likae kivulini, na kivuli chenyewe ukiangalie maana huhama na jua. Kwenye gari lililoegeshwa usimwache, hata dakika chache, hata vioo vikiwa wazi.

Ukimwona anahema bila kutulia, mate mazito yanamtoka, anayumba au anatapika, mwingize kivulini, mmwagie maji ya bomba tumboni na miguuni, mpepee, kisha umwahishe kwa daktari wa mifugo. Taulo lililoloa usimfunike nalo. Huzuia joto kutoka mwilini.