Somo: Badilisha mwenyewe filta ya hewa ya ndani kwenye gari la umeme

Mtu akihama kutoka gari la petroli kwenda la umeme huambiwa sasa ameachana na gereji: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna filta ya mafuta. Ni kweli. Lakini filta moja imebaki, ile inayochuja hewa mnayovuta wewe na watoto mkiwa ndani ya gari. Iko nyuma ya dashbodi, na kwa vumbi letu la Nairobi huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Wengi hawaigusi kwa kuogopa stima, kwa hiyo tuanze na hofu hiyo. Umeme mkubwa wa gari, ambao kwa magari mengi ni volti 350 hadi 400 hivi, hupita kwenye nyaya nene zenye ganda la rangi ya machungwa. Filta ya ndani haina waya hata mmoja. Feni iliyo karibu nayo kwa kawaida hutumia betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote lile. Waya wa rangi ya machungwa ukiuona, usiuguse. Plagi ya manjano mara nyingi ni ya eabegi ya abiria, nayo iache ilivyo. Kazi hii haikulazimu kushika chochote kati ya hivyo viwili.

Faida yake utaiona kwanza kwenye kioo cha mbele. Asubuhi ya Julai ukishuka kutoka Limuru, au Aprili mvua ikiwa imefunga Waiyaki Way, kioo hupata ukungu na unategemea hewa ya feni kuufuta. Filta ikiwa imeziba, hewa inatoka kidogo, unaongeza feni, unaongeza hita, na bado unafuta kioo kwa kiganja. Kwenye gari la petroli joto la hita halikugharimu kitu, linatoka kwenye injini ambayo tayari ni moto. Kwenye gari la umeme joto hilo linatoka kwenye betri, na hita inaweza kula kilowati kadhaa ikiwa imefunguliwa kabisa. Ndiyo maana nasema filta hii ina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wenye petroli.

Kununua filta

Nenda na namba ya chesi, au chomoa ya zamani kwanza uende nayo mkononi. Magari mawili ya jina moja lakini ya miaka tofauti yanaweza kutumia filta tofauti, na muuzaji wa Kirinyaga Road mwenye haraka atakupa inayokaribiana. Inayokaribiana haifai. Nafasi ya milimita chache pembeni inatosha hewa kupitia hapo badala ya kupita kwenye karatasi, na hewa hiyo haichujwi. Shika kingo: ziwe na sifongo au ukingo mgumu usiopinda ovyo. Tazama mikunjo: iwe imesimama, imepangana, haijalaliana. Feki nyingi huonekana hapo hapo kaunta.

Kuna ya karatasi ya kawaida, ambayo ni nyeupe, na kuna yenye kaboni, ambayo ni ya kijivu au nyeusi. Ya kawaida hushika vumbi na chavua. Ya kaboni hupunguza na harufu pia. Kama njia yako ni Jogoo Road au Thika Road na kila siku unafuata mabasi ya dizeli, nunua ya kaboni.

Vifaa vingine ni tochi, bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, kitambaa, gazeti la zamani na barakoa. Barakoa usiiruke, maana vumbi lililokaa humo ni laini sana na litakujia usoni.

Hatua ya 1: Zima gari kikweli

Gari la umeme likiwa limewaka halitoi sauti, kwa hiyo usiamini masikio. Tazama dashbodi: alama ya READY isiwepo. Chomoa chaja. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna saa iliyowekwa ya kuanzisha AC yenyewe, maana magari mengi ya umeme yanaweza kuwasha feni kabla hujaingia, kwa saa au kwa simu. Zima mpangilio huo. Weka ufunguo mbali na gari. Feni ikianza kuzunguka mkono wako ukiwa ndani ya kasha la filta, utaumia vidole.

Hatua ya 2: Tafuta filta ilipo

Kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya droo ya dashbodi, upande wa abiria. Kwetu abiria wa mbele hukaa kushoto. Video nyingi za mafunzo zimerekodiwa Marekani, ambako usukani uko kushoto, na mambo yote yako kinyume na ya kwako. Ukifuata video hizo bila kugeuza pande, utajikuta unafungua plastiki zilizo karibu na pedali bila sababu. Magari mengine, filta hufikiwa kutoka chini au ubavuni mwa konsoli ya katikati, ile sehemu iliyo kati ya dereva na abiria. Kitabu cha gari kitakuonyesha. Kama ni cha Kijapani, piga picha ukurasa wenye mchoro, programu ya kutafsiri kwenye simu itakutosha.

Hatua ya 3: Shusha droo

Toa kila kitu kilichomo. Pembeni mwa droo kuna kamba au mkono mdogo unaoifanya ifunguke polepole. Uchomoe kwa kuusukuma kando. Kisha bana kuta mbili za droo kuelekea ndani hadi vizuizi vipite, nayo itashuka yenyewe. Nyingine zina skrubu, na hapo ndipo bisibisi inapohitajika. Plastiki ikikataa, tafuta klipu au skrubu uliyoisahau kabla ya kuongeza nguvu. Plastiki iliyokaa miaka na jua huvunjika kirahisi.

Angalia pia nyaya ambazo hazikuja na gari. Waliochukua gari kwa mkopo mara nyingi wamefungiwa treka, na fundi hupenda kuificha huko nyuma. Ukiivuta, utapigiwa simu ukiulizwa kwa nini gari limepotea kwenye ramani.

Hatua ya 4: Toa ya zamani

Utaona kifuniko chembamba cha plastiki chenye klipu upande mmoja au pande mbili. Kibonyeze, kitoe. Kabla ya kuvuta filta, iangalie kwa tochi na uipige picha: mshale umeelekea wapi, maandishi yako upande gani. Tandika gazeti sakafuni. Sasa vuta taratibu, ukiiweka sawa bila kuiinamisha, maana uchafu wote umelala upande wa juu na ukiuinamisha utamwagika kwenye feni.

Utakachokikuta kinategemea unakoegesha. Aliyeegesha chini ya mijakaranda Kilimani au Lavington atakuta maua makavu ya Oktoba na Novemba, yamekuwa kahawia na kushikamana. Anayepita barabara ya vumbi kila siku atakuta unga mwekundu umejaza mikunjo hadi juu. Gari linalolala mahali penye panya, utakuta nyuzi za godoro, punje za mahindi na kinyesi. Ukikuta ya panya, vaa glavu, usifagie kikiwa kikavu. Lowesha kwanza kitambaa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha ufute.

Hatua ya 5: Safisha kasha

Hapa ndipo mafundi wengi hupita haraka, na ndipo kazi ilipo. Filta mpya ndani ya kasha chafu itachafuka wiki hiyo hiyo. Ingiza brashi, kusanya vumbi na majani kuja kwako, uyatoe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kama una vakyumu yenye mdomo mwembamba, ni bora zaidi. Usimwage maji wala kupuliza dawa ya maji ndani kabisa, kwa sababu kwenye baadhi ya magari hita ya umeme mkubwa imo ndani ya mfumo huo wa hewa.

Kisha fungua boneti, usafishe ile nafasi chini ya waipa, hewa inakoingilia. Majani yakiachwa pale yataoza na kuzuia maji ya mvua kutoka.

Hatua ya 6: Weka mpya

Andika tarehe na kilomita kwenye ukingo wa filta kwa kalamu ya wino mzito. Mshale wa mwelekeo wa hewa uelekee kama ulivyokuwa kwenye picha. Kwenye baadhi ya magari tundu ni jembamba kuliko filta, na inabidi uipinde kidogo ipite halafu ijikunjue ndani. Isukume kwa kiganja sehemu zote hadi ikae. Kifuniko kikikataa kufunga, filta haijakaa, itoe, uirudishe. Rudisha mkono wa droo, rudisha droo.

Washa gari hadi READY, fungulia feni kutoka namba ya chini hadi ya juu kabisa. Ukisikia tiktiki inayoongezeka na mwendo wa feni, kuna jani limeangukia humo, zima ulitoe sasa. Jaribu pia kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Utawala:* Kitabu kinasema mwaka mmoja. Huku kwetu barabara ni vumbi tupu. Nifuate kitabu?

Watengenezaji wengi hutaja mwaka mmoja, au kilomita 15,000 hadi 20,000, lakini hawakuwa wakifikiria Utawala. Ichungulie kila baada ya miezi mitatu. Mimi hupenda kubadilisha mwishoni mwa Machi: vumbi la Januari na Februari limeshaingia, mvua ndefu zinaanza, na ndipo unahitaji hewa ya kutosha kwenye kioo. Kisha iangalie tena Oktoba kabla ya mvua za vuli.

*Kutoka Buruburu:* Kaka, fundi wangu huipuliza kwa kompresa inarudi kuwa nyeupe. Kwa nini ninunue mpya?

Nyeupe unayoiona ni ya juu tu. Nyuzi za filta nyingi za aina hii zina chaji ya umeme tuli inayovuta chembe ndogo, nazo zimesokotwa karibu karibu. Presha ya kompresa hupanua matundu, na kuiosha kwa maji huharibu chaji hiyo. Inabaki filta inayoshika majani na kupitisha moshi. Kuikung'uta kidogo ili ufike mwisho wa mwezi, sawa. Kuipuliza mwaka hadi mwaka ni kukaa bila filta.

*Kutoka Ruaka:* Je, nitaongeza kilomita kwa chaji moja?

Usitegemee tofauti utakayoiona kwenye mita. Feni hutumia umeme kidogo ukilinganisha na mota ya gari. Unachookoa ni muda wa kuwasha hita na AC kwa nguvu ili kioo kiwe safi. Badilisha kwa ajili ya mapafu na kioo.

*Dada anayeendesha teksi, Eastleigh:* Nimebadilisha filta na bado abiria wanalalamika harufu ya uvundo AC ikiwaka.

Pole dada. Harufu hiyo mara nyingi haitoki kwenye filta. Inatoka kwenye evaporeta, ile rejeta ndogo ya ubaridi iliyo nyuma yake, ambayo hulowa kila AC inapofanya kazi. Ikibaki mbichi, huota ukungu. Dakika chache kabla ya kumaliza zamu zima AC, uache feni iendelee ili ikauke. Hakikisha pia maji yanadondoka chini ya gari AC ikiwaka. Yasipodondoka, mrija umeziba na pengine kapeti lako limelowa. Ukimpelekea fundi wa AC, na hili wasikie wote: kwa kawaida kompresa ya AC ya gari la umeme huendeshwa na umeme mkubwa na hutumia oili ya POE isiyopitisha umeme. Mashine iliyotoka kujaza gari la petroli huwa na mabaki ya PAG, oili ya AC ya magari ya petroli. Oili hiyo ikiingia, uzuiaji wa umeme hushuka na gari linaweza kukataa kuwaka. Muulize kabla hajaunganisha mipira yake.

*Kutoka Githurai:* Ya kaboni itanikinga na moshi wa matatu kabisa?

Hapana. Inapunguza harufu na baadhi ya gesi, lakini monoksidi ya kaboni hupita. Ukiwa nyuma ya basi linalotoa moshi mweusi, bonyeza kitufe cha hewa ya ndani, na ukishalipita fungulia hewa ya nje. Usiendeshe safari nzima umefunga, hasa mkiwa watu wengi: hewa inachoka, dereva anasinzia na kioo kinapata ukungu.

*Kutoka South B:* Nimepata ya HEPA, ni nene kidogo. Niilazimishe?

Usiilazimishe. HEPA ya kweli hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na kwa hiyo hupitisha hewa kwa ugumu. Feni isiyoundwa kwa ajili yake itakupa hewa hafifu. Na ikipindwa ili itoshee, kingo huachia na hewa inapita pembeni.

*Kutoka Kikuyu:* Mzee, niliyonunua haina mshale. Niiwekeje?

Tazama ya zamani: upande mchafu ndio hewa inakoingilia. Kama filta mpya ina upande wenye nyuzi laini na mwingine wenye wavu au tabaka gumu, mrudie muuzaji akuonyeshe upande wa kuingilia hewa kabla hujaiweka. Kama pande zote mbili ni sawa kwa macho na kwa kidole, iweke vyovyote, mradi mikunjo ilale kama ilivyokuwa ya zamani.