Ukiamka Mgonjwa Siku ya Kazi: Namna ya Kuamua na Kuomba Ruhusa

Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, si ajabu kumkuta kibarua akigeuza dagaa kwenye vichanja, jua kali, naye anatetemeka ndani ya koti. Amemeza panadoli, homa imeshuka, basi anajihesabu mzima. Panadoli hutuliza homa na maumivu, lakini haiui vimelea vya malaria, na kadiri matibabu yanavyocheleweshwa ndivyo malaria inavyoweza kugeuka kuwa kali. Kwa hiyo jipime hali kabla ya kumeza chochote: homa, kutapika, kuharisha au kizunguzungu ni sababu tosha ya kutokwenda kazini. Mafua mepesi yasiyo na homa hayamzuii karani, ila dawa za mafua zinazosinziisha, kama Piriton, hazimfai dereva wala mwendesha mashine. Mpishi aliyeharisha akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu kuharisha kukome, na kikohozi kilichotimiza wiki mbili kipimwe kifua kikuu.

Mwarifu msimamizi kabla zamu haijaanza, tena kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki ushahidi: “Shikamoo mzee, nimeamka na homa, naelekea zahanati. Leo sitafika, nitakuletea cheti.” Huko zahanati omba cheti cha daktari, kile ambacho wengi hukiita ED, kwa sababu bila hicho mwajiri halazimiki kukulipa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Kwa kawaida, asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, na hapo ndipo vibarua wengi hukwama. Hata hivyo, aombe angalau kubadilishana zamu na mwenzake.

Ukipewa dawa mseto ya malaria, maliza dozi yote ya siku tatu, hata kama nafuu imekuja siku ya pili, siku ambayo wengi huwahi kurudi kubeba mizigo. Ukirejea, omba kazi nyepesi kwanza, kwa kuwa uchovu huchelewa kuisha. Na homa ikirudi, rudi zahanati ukiwa na karatasi za awali.